Sikio la Mama na Sikio la Mtu wa Matumbo

Hedifoni za Bwana Enoch Tattersall zilikuwa na nta ya masikio. Sisemi zilikuwa na vumbi, au jasho kidogo la mtu mzima anayefanya kazi. Nasema nta, ya njano, inayong'aa, imeziba vile vitundu ambamo sauti inatakiwa ipite, hadi unajiuliza inakuwaje muziki uvuke vilima vyote vile kutoka Manchester bila waya, usikwame popote, halafu uje kukwama hapa mjini kwetu Darwen, kwenye sikio la mchemsha matumbo.

Kila jioni isipokuwa Alhamisi na Jumapili alikuja kwetu na redio aliyoiunda kwa mikono yake. Aliibeba kwapani, ameifunga kwa kitambaa kilekile anachofunikia matumbo ya ng'ombe kule sokoni, akaitua juu ya meza yetu, palepale tunapokatia mkate. Antena alikwisha kutufungia tangu Machi, waya mrefu kutoka dirisha la chumba cha Mama hadi kwenye nguzo ya uani. Waya mwingine uliingia ardhini kupitia bomba la jikoni. Kwa hiyo kwetu kulikuwa na kila kitu isipokuwa sanduku lenyewe, na sanduku aliondoka nalo kila akiondoka. Alijua anachofanya, yule mzee.

"Martha," alimwambia Mama jioni moja ya Mei, mbele yangu, kama vile mimi ni kabati, "siku utakayonikubali, hili sanduku halitoki tena humu ndani. Na mimi sitoki."

"Unaposa mtu au unauza redio?" nikamuuliza.

"Vyote viwili, bibie. Havitenganishwi."

Mama akacheka hadi akashika mbavu. Akamwambia atampa jibu kabla ya mapumziko ya mji, ile wiki ambayo viwanda vyote vinafungwa na Darwen nzima inahamia Blackpool, baharini, kulowesha miguu. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama kipande cha utumbo kilichoganda kwenye kifundo cha mkono wa shati lake, nakiomba kisidondokee kwenye siagi.

Niseme ukweli kuhusu Mama, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini mwanamke mwenye akili timamu amkaribishe mtu kama yule. Mama ni mfumaji. Amesimama katikati ya mitambo ya kufumia tangu alipokuwa mdogo kuliko mimi sasa, na mitambo ile inapiga kelele ambayo hata ukipiga ukunga mwenzako wa pembeni hasikii. Wafumaji wote wa kwetu huzungumza kwa midomo. Hawatoi sauti, wanaumba neno kwa mdomo mzima, taratibu, na mwenzao aliye upande wa pili wa chumba analisoma kama bango. Wanasengenyana hivyo kutwa nzima. Lakini masikio yanalipia. Mama alikuwa hasikii saa ya ukutani, hasikii mvua, mazungumzo aliyasoma midomoni zaidi ya kuyasikia, na kanisani aliimba akiwa nyuma ya wenzake kwa mstari mzima. Siku ya kwanza Bwana Tattersall alipombandika hedifoni sikioni, Mama aliruka kwenye kiti. "Piano!" alisema kwa sauti kubwa hadi jirani akagonga ukuta. "Hilda, kuna mtu anapiga piano!" Tangu Baba azikwe kule Ubelgiji wakati wa vita sijawahi kumwona na uso ule.

Basi, sawa. Muziki sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni namna ulivyoliwa.

Hedifoni ni moja, masikio ni manne. Kila mwenye mchumba hapa mjini anajua hesabu hiyo inavyofanywa. Unautanua ule utepe wa chuma, yeye anashika kipande kimoja, wewe kingine, na ili visichomoke inabidi mashavu yagusane. Vijana wakifanya hivyo wanapendeza. Lakini jamani, shavu la Bwana Tattersall! Lilikuwa jekundu, lenye unyevu, na lilinuka siki na mvuke wa kwato za ng'ombe. Na Mama, Mama yangu anayesugua kizingiti cha mlango kwa jiwe kila Ijumaa hadi kinang'aa, alilibandika shavu lake pale kama stempu.

Kisha ikija zamu ya watu kuzungumza redioni, hotuba au habari, Mama alipotewa. Muziki aliupata, maneno yakamponyoka. Hapo ndipo Bwana Tattersall alipojitanua. Alimgeukia, akawa anayarudia maneno ya mtangazaji kwa midomo, kama mfumaji. Yeye si mfumaji. Alijifunza ukubwani, kwa wanawake wanaonunua matumbo kwake, kama mtu anayejifunza baiskeli akiwa tayari ana kitambi. Ile midomo yake mipana ilifunguka na kufumba kama ya samaki kwenye ndoo, ukiona ndani chakula chake cha mchana chote, na sehemu ya kile cha jana. Mama aliitazama midomo hiyo bila kupepesa. Mimi nilitazama dari.

"Hilda naye angejifunza," Mama aliwahi kusema.

"Shuleni wanatufundisha kusema na meno yakiwa yamefichwa, Mama."

"Ndiyo maana sikuelewi siku hizi."

Jioni iliyonimaliza ilikuwa ya katikati ya Juni. Kulikuwa na bendi ya tarumbeta, na Mama alikuwa ameingoja tangu Jumatatu. Bwana Tattersall alikuja na chakula chake kwenye karatasi, matumbo baridi yenye siki na vitunguu, akawa anakula kwa mkono mmoja huku mwingine unahangaika na redio. Redio zetu hizi, wasiozijua nawaambia, hazina betri wala umeme. Kuna koili ya waya, yeye yake kaizungushia kwenye chupa ya siki, na kuna jiwe dogo linalometameta. Juu ya jiwe unagusisha ncha ya waya mwembamba kama unywele, unatafuta mahali pake, na ukipapata, sauti inakuja. Ukilishika jiwe kwa kidole chenye mafuta, limekufa. Kila gazeti la redio linaandika hivyo, kwa herufi kubwa.

Tarumbeta zikafifia. Zikapotea kabisa.

"Limelala," alisema Bwana Tattersall, akalichomoa jiwe kwa vidole vilevile.

"Bwana Tattersall! Usilishike! Mafuta yanaliua!"

"Mafuta?" Aliniangalia kwa huruma. "Binti, mimi nimeishi na mafuta miaka yangu yote. Mbona hayajaniua?"

"Wewe si jiwe."

"Aa, hilo uliza waliowahi kunidai," akasema, kisha, naapa kwa kila kitu, akaliingiza jiwe mdomoni. Akalilamba. Akalizungusha ulimini kama peremende, akalitoa, akalifuta kwenye fulana yake, akalirudisha mahali pake. Uzi mwembamba wa mate ulibaki ukining'inia kati ya kidole na redio, ukameta, ukakatika.

Nilikwenda uani. Nilisimama karibu na pipa la majivu nikavuta pumzi, na lile pipa, kwa kulinganisha, lilinukia vizuri. Ndani nilimsikia Mama anacheka. Bendi haikurudi tena jioni ile, na bado alikuwa anacheka.

Palepale penye pipa ndipo nilipopata akili. Mama hampendi mtu huyu, nilijiambia. Anapenda sanduku. Mtu amejibandika kwenye sanduku kama ile nta. Nikimpa Mama sanduku lake mwenyewe, safi, lisilolambwa, mtu atabanduka mwenyewe na kurudi kwenye mapipa yake ya matumbo. Na ilibidi niwahi kabla ya mapumziko, maana Mama akisema ndiyo, basi nitakuwa napishana na Enoch Tattersall kwenye ngazi akiwa na suruali ya kulalia hadi nitakapozeeka.

Miss Pickup, mwalimu wetu wa fizikia, alinipa waya na akaniazima hedifoni za shule. Nilizifuta kwa spiriti, nikazifuta tena. Koili niliizungushia kwenye boksi la chumvi la karatasi ngumu, ambalo nilikuwa nimelikausha kwenye oveni na kulipaka vanishi. Nilizungusha waya taratibu, kila mzunguko umelala kando ya mwenzake bila kupandana. Chini ya kitanda changu niliificha, ndani ya foronya iliyofuliwa.

Kilichobaki ni jiwe. Duka la baiskeli lililokuwa likiuza mawe hayo lilikuwa limeishiwa, maana mji mzima ulikuwa unaunda redio mwaka ule, hadi mchungaji. Lakini mawe yale ni madini ya risasi na salfa tu yaliyoungana ardhini, na kinachoungana ardhini kinaweza kuungana jikoni. Nilitafuta kipande cha bomba la zamani la risasi, nikakikwangua kwa tupa kikawa unga. Salfa nilinunua kwa mwuza dawa, ambaye alinitazama usoni kutafuta majipu, maana salfa ni dawa ya ngozi. Nilichanganya, nikaweka kwenye kikopo, nikafungua madirisha, nikakikalisha juu ya makaa.

Nilidhani najua uvundo ni nini. Nimekua mtaa ulio chini ya upepo wa kiwanda cha matumbo. Sikujua kitu. Kwanza ulitoka moto wa buluu, mzuri tu, kisha ukatoka moshi ulionishika koo kama mkono wa mtu, na nyuma ya moshi ikaja harufu ya mayai yaliyooza. Yai moja ningelivumilia. Haya yalikuwa ya banda zima, yametaga, yameoza, yamezikwa, yamefukuliwa. Machozi yalinitoka. Paka wa jirani alitoka mbio chini ya meza yetu, wala sikujua kwamba alikuwa yumo.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bi Aspinall wa nyumba ya pili, na ndoo mkononi.

"Nani kafa humu?"

"Hakuna, Bi Aspinall. Ni sayansi."

"Sayansi?" Alijifunika pua kwa aproni. "Nina mashuka kwenye kamba huko nje, wewe mtoto! Mashuka meupe! Watu watasema mume wangu ameugua tena!"

"Yataondoka na upepo."

"Nani, mashuka?"

"Hayo mavundo, Bi Aspinall."

"Ndiyo kusoma kwenyewe huku? Mama yako anavunjika mgongo kiwandani ili wewe ujifunze kunuka?" Akamwaga ile ndoo ya maji mlangoni, sijui kwa sababu gani, labda kwa hasira tu, akaondoka akiita mtaa mzima uje kunusa.

Lakini kikopo kilipopoa nilikipasua kwa nyundo, na katikati ya lile ganda la kijivu kulikuwa na kipande kinachometa kama macho ya samaki mbichi. Nilikichukua kwa koleo dogo. Kidole changu hakikukigusa hata mara moja. Nilikikaza kwenye kikombe chake kidogo cha chuma, nikakigusisha ncha ya waya, nikaunganisha antena, nikavaa hedifoni. Mkwaruzo. Kimya. Mkwaruzo. Nikasogeza ncha kidogo, na mwanamume mmoja akaniambia sikioni, kwa upole kabisa, kwamba kesho upande wa magharibi kutakuwa na manyunyu.

Nilichagua Alhamisi, kwa sababu Alhamisi Bwana Tattersall hukesha na mapipa yake akitayarisha matumbo ya soko la Ijumaa, na haji kwetu. Mama alirudi kutoka kiwandani, nyuzi za pamba kwenye nywele, akavua viatu vyake vya mbao. Mezani aliona kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa redio yangu.

"Ya Enoch hiyo?"

Nilitikisa kichwa. Nikajigusa kifua.

"Wewe? Ndiyo iliyonukisha nyumba?"

Nilimkalisha. Nilimvalisha hedifoni kwenye masikio yote mawili, nikaziweka sawa, hakuna wa kugawana naye, hakuna wa kumpumulia. Nikatafuta mahali kwenye jiwe. Nilijua nimepapata kwa kumtazama tu. Mabega yake yalishuka.

"Violini," alisema. "Hilda, ni nyingi! Na kuna kitu chini yake, kikubwa, kinavuma..." Hakumaliza. Alifumba macho. Nilisimama nyuma ya kiti nikiwa nimejaa ushindi hadi kooni. Hakulalamika hata mara moja kwamba sauti imekatika. Jiwe halikuwa limelambwa na mtu.

Muziki ukaisha, nadhani, kwa sababu alifumbua macho na kukunja uso. "Anazungumza mtu. Anasemaje?"

Nilinyosha mikono. Ningejuaje? Masikio yote alikuwa nayo yeye.

"Anasemaje, mwanangu?"

Alingoja kidogo akinitazama mdomoni, kisha akageuza uso mbele. Muziki uliporudi alisikiliza tena, hadi mwisho, akiwa ameweka kiganja kwenye shavu la kushoto kama mtu mwenye jino bovu. Kisha akavua hedifoni, akazilaza kwenye kitambaa kwa uangalifu mkubwa.

"Ni nzuri kuliko ya Enoch," alisema.

"Sana!"

"Kabisa. Ya Enoch inasikika kama nyuki kwenye ndoo." Akanishika mkono. "Umenisaidia sana, hujui tu. Mimi silali kwa sababu ya jambo hili."

"Nilijua, Mama! Ndiyo maana—"

"Kila usiku najiuliza, Martha, unamtaka mtu au unataka sanduku? Maana ukiolewa kwa ajili ya sanduku, siku likiharibika unabaki na mzee anayenuka. Sikuwa na namna ya kujua, vyote vinakuja pamoja. Basi leo nimepata sanduku bila mtu." Alitazama kile kiti kingine, kitupu. "Na muda wote shavu hili lilikuwa baridi. Sasa najua."

Nilimsogelea, nikapaza sauti. "Mama. Analamba jiwe."

"Nilimwona."

"Hedifoni zake zina nta!"

"Nami nazifuta kila akienda kunawa. Ulidhani nani anazifuta?"

"Basi bado hazijafutwa! Na anakula huku anazungumza, na ile midomo yake..."

"Ile midomo," Mama alisema, "alikwenda kujifunza. Mtu mzima, mwenye kiwanda chake, anasimama mbele ya wanawake wa sokoni wanamcheka, anawauliza, neno hili mnaliumbaje? Kwa ajili ya kuniambia mimi mtangazaji anasema nini kuhusu bei ya pamba." Alinyanyuka kutafuta aproni. "Na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakatia kucha za miguu kwenye meza hii hii. Zilikuwa zinaruka hadi kwenye chumvi. Nilimpenda hivyohivyo. Usafi unausugua mwenyewe, mwanangu, wala huolewi nao."

Niliitazama chumvi.

"Sasa fanya jambo moja. Kimbia kiwandani kwa Enoch, umwambie ndiyo."

"Mimi?"

"Nina vyombo."

"Mama, tafadhali. Mwambie kesho."

"Mtu amengoja tangu Mei. Nenda. Na usikunje pua hivyo, upepo ukibadilika utabaki hivyo."

Nilikwenda. Jua lilikuwa bado lipo, na Bi Aspinall alikuwa ameketi mlangoni anauliza kama leo kuna sayansi. Kiwanda cha matumbo kiko mwisho wa mtaa, chini karibu na mto, na huhitaji kuuliza njia. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mvuke ulikuwa mzito kama blanketi lililoloa, sakafu inateleza, na kwenye kulabu yamening'inia matumbo yaliyokwisha kusuguliwa, meupe, yenye mikunjo, mfano wa taulo kuukuu, yanadondosha. Kwenye pipa kubwa kulikuwa na povu la rangi ya kahawia likifanya blup, blup, kama kitu kinachofikiri. Nilivuta hewa kwa mdomo, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu sasa niliionja.

Bwana Tattersall alikuwa ameinama ndani ya pipa lingine, aproni imelowa chapa, mikono imezama hadi juu ya viwiko.

"Bibie Hilda! Kuna nini? Mama yako mzima?"

"Mzima."

"Basi?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria. Lakini alikuwa amenyanyuka, na kwa woga, bila kujua, alikuwa ameanza kuumba maneno kwa midomo, pole pole, bila sauti, kama vile mimi ndiye Mama. Midomo iliuliza: jibu limetoka?

Sikutaka kufungua mdomo kwenye hewa ile tena. Kwa hiyo niliumba neno moja, kwa midomo tu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nadhani nililiumba vibaya sana.

Alilisoma.

Macho yake yakajaa maji, pua yake pia, na pua ikatangulia. Aliifuta kwa mkono uliotoka kwenye pipa, akaacha kitu shavuni, sitaki kukitaja. Kisha akatanua mikono yote miwili, inachuruzika, akaja.

"Bwana Tattersall, hapana. Bwana Tattersall! Aproni!"

Nilirudi nyuma, lakini nilikuwa nimesahau kwamba hapo kulikuwa na ukuta.